Taa ya ngazi ya Mama: shajara ya kufufua X10 ya zamani

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nyumba tuliyohamia Septemba, kaskazini mwa Columbus, Ohio, ilijengwa mwaka 1983. Mwenye nyumba wa kwanza alipenda vifaa, na alipoondoka aliviacha palepale alipovifunga. Leo nimepita chumba kwa chumba na daftari. Nimekuta moduli tano za taa aina ya LM465, moduli tatu za vifaa vizito aina ya AM486, swichi nne za ukutani aina ya WS467, visanduku viwili vya vitufe vya kuweka mezani, na kwenye kabati la besimenti kuna CM11A, kile kiunganishi cha kompyuta, kikiwa bado ndani ya boksi lake.

Zote ni za mfumo wa X10. Kwa asiyeujua: kisanduku cha vitufe unakichomeka kwenye soketi, moduli unaichomeka kwenye soketi nyingine na taa unaichomeka kwenye moduli. Ukibonyeza, amri inasafiri ndani ya waya zilezile zinazoleta umeme. Mfumo huu hauna Wi-Fi, hauna akaunti, na hautegemei seva ya mtu yeyote. Uliundwa mwaka 1975 na kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ukiwa mradi wao wa kumi, na ndiyo asili ya jina. Tangu 1978 ulikuwa ukiuzwa Marekani kwenye maduka ya Radio Shack na Sears.

Ninaanza kazi hii kwa sababu ya Mama. Alikuja kututembelea Novemba kutoka Tanga na atakaa miezi sita. Chumba chake kiko chini, bafu liko ngazi saba juu, magoti yanamsumbua na huamka usiku kutia udhu. Mke wangu alimwekea programu ya taa kwenye simu, lakini Mama hataki kuhangaika na kioo usiku wa manane. Kisanduku cha vitufe alikipenda siku ya kwanza. Kina vitufe vikubwa, anavijua kwa kidole hata gizani. Tatizo ni kwamba taa ya ngazi mara inawaka, mara haiwaki. Asubuhi nikimwamkia, baada ya marahaba hunipa taarifa: "Leo imekubali," au "Jana imegoma, nimepanda kwa kushika ukuta."

Hilo la kushika ukuta silitaki tena. Nataka abonyeze mara mia na iwake mara mia.

Jumapili, 12 Januari

Kabla ya kugusa chochote nilitaka namba. Nimekaa kitandani kwa Mama na kisanduku, binti yangu Zuhura akasimama kwenye ngazi na kalamu. Tumebonyeza mara hamsini saa mbili usiku. Taa imetii mara 19.

Halafu nikafanya jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kwa kila mtu mwenye vifaa hivi. Nimechukua ekstensheni ya kawaida, isiyo na kinga ya umeme mkubwa, nikachomeka kisanduku na moduli ubavu kwa ubavu, nikajaribu moduli moja baada ya nyingine. Zote zimetii kila nilipobonyeza, isipokuwa LM465 moja inayowasha taa muda wote na haizimi kwa lolote. Hiyo triaki yake, yaani swichi ya kielektroniki iliyo ndani, imeungua na kubaki imeshikana. Mara nyingi hutokea balbu ya waya, ile ya zamani yenye uzi unaong'aa ndani, inapokatika: kwa nukta moja mkondo mkubwa hupita, balbu inakufa na triaki nayo inakwenda.

Kwa hiyo vifaa 11 kati ya 12 ni vizima. (Swichi za ukutani nilizijaribu palepale zilipo, kisanduku kikiwa kwenye soketi ya karibu kabisa.) Vifaa vya miaka arobaini ni vizima! Ugonjwa uko njiani, kati ya kitufe na taa.

Jumatano, 15 Januari

Jioni nimekaa kuuelewa vizuri mfumo wenyewe, maana bila hivyo ningekuwa nabahatisha tu.

Umeme wa hapa ni volti 120, hezi 60, kwa hiyo wimbi lake linavuka sifuri mara 120 kwa sekunde. X10 inasubiri wakati huo wa utulivu na kupenyeza mlio mfupi wa kilohezi 120 kwa milisekunde moja. Mlio kwenye mvuko mmoja na kimya kwenye mvuko unaofuata ni 1. Kimya kwanza kisha mlio ni 0. Kila ujumbe unatangulizwa na alama ya kuanzia, 1110, halafu inakuja herufi ya nyumba, A mpaka P, halafu namba ya kifaa, 1 mpaka 16, au amri yenyewe. Herufi 16 kwa namba 16 ni anwani 256. Ujumbe mmoja unachukua mizunguko 11 ya umeme na unatumwa mara mbili kwa usalama. Kutaja kifaa na kukiamuru, pamoja na pumziko la mizunguko mitatu katikati, jumla ni mizunguko 47, karibu sekunde 0.8. Ndiyo maana taa inawaka baada ya kusita kidogo.

Hakuna jibu linalorudi. Moduli hizi za zamani zinasikia tu, hazisemi. Kisanduku kinatuma na hakina njia ya kujua kama amri imefika.

Mlio wenyewe ni dhaifu: unaanza na volti chache tu, na moduli inahitaji kusikia kama sehemu ya kumi ya volti. Kuna njia mbili za kuupoteza. Ya kwanza ni kelele: kifaa fulani kinatia mivumo yake kwenye waya karibu na kilohezi 120 na moduli haisikii tena. Ya pili ni kunyonywa, na mimi nadhani ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ndani ya televisheni, kompyuta na ekstensheni zenye kinga, mara nyingi kuna kapasita iliyofungwa kati ya waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) ili kuchuja uchafu wa umeme. Nimepiga hesabu ya kapasita ya maikrofaradi 0.1. Kwa umeme wa hezi 60 inazuia kama omu 26,500, yaani ni kama haipo. Kwa kilohezi 120 inazuia omu 13 tu. Mlio wetu ukifika hapo unatumbukia kama maji kwenye shimo.

Mwaka 1983 sebule ilikuwa na televisheni moja na taa mbili. Leo nimehesabu vitu 23 vilivyochomekwa kwenye ghorofa hiyo peke yake.

Ijumaa, 17 Januari

Mama ndiye aliyefungua njia leo.

Nilikuwa nakunywa chai akaniambia, "Mwanangu, ile taa inakubali mkeo akikausha nguo." Nikadhani ni sadfa. Akasema hapana, ameshaona mara nne: mashine ikinguruma taa inawaka kwa mguso mmoja, ikinyamaza taa inagoma.

Nikaweka kikombe chini. Nyumba za Marekani hupokea umeme kwa waya mbili za moto kutoka kwenye transfoma. Kila moja ni volti 120 dhidi ya nyutro, na zikipimwa pamoja ni volti 240. Mafundi wa huku wanaziita miguu. Soketi nusu ziko kwenye mguu mmoja, nusu kwenye mwingine. Soketi ya Mama iko mguu mmoja na taa ya ngazi iko wa pili. Mlio ukitaka kuvuka inabidi utoke nje mpaka kwenye transfoma mtaani na kurudi, na hurudi umechoka. Lakini mashine ya kukaushia, kama ilivyo jiko la umeme, inatumia volti 240: koili yake ya joto inaunganisha miguu yote miwili. Ikiwaka, inakuwa daraja.

Kwetu Tanga tulilijua jambo linalofanana na hili tangu utotoni bila kulipa jina la kitaalamu. Fezi yetu ikikatika, jirani anawaka nasi tuko gizani, ingawa nguzo ni moja. Wabunifu wa X10 waliwaza hata umeme wa fezi tatu: kila mlio hurudiwa mara tatu, kila baada ya milisekunde 2.778 kwa umeme wa hezi 60, ili uangukie mvuko wa sifuri wa kila fezi. Ila kurudia hakusaidii kitu kama waya hazina pa kukutania.

Nimejaribu papo hapo. Mashine imezimwa: mara 20, taa imetii mara 7. Mashine inawaka na joto: mara 20, imetii 17. Nimemshika Mama mkono nikambusu. Amecheka, akasema yeye aliona tu.

Jumamosi, 18 Januari

Daraja la kudumu ni kiunganishi cha miguu miwili, na kinachonifurahisha ni kwamba ndani yake kuna kapasita ileile ya maikrofaradi 0.1. Ikifungwa kati ya moto na nyutro ni shimo. Ikifungwa kati ya mguu na mguu ni daraja.

Kuna cha kufunga ndani ya paneli ya breka na kuna cha kuchomeka nyuma ya mashine ya kukaushia. Nimechagua cha kuchomeka. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye majengo ya kupangisha na paneli siziogopi, lakini waya zinazoingia kutoka mtaani zinabaki hai hata ukizima breka kuu, na kazi inayoweza kufanyika nje ya paneli naifanya nje ya paneli. Anayetaka kufanya hivi aangalie kwanza soketi ya mashine. Yetu ni ya zamani, ya pini tatu. Nyumba mpya za tangu miaka ya 1990 zina za pini nne, na kiunganishi cha moja hakiingii kwenye nyingine. Nimeagiza.

Jumapili, 26 Januari

Kiunganishi kimefika Alhamisi. Leo usiku, mashine imezimwa: mara 50, imetii 38. Kutoka 19 mpaka 38. Ni nzuri ila haitoshi. Mtu anayepanda ngazi gizani hawezi kuambiwa kwamba mara nyingi taa itawaka.

Mchana wakati watoto wako shule na sisi kazini, Mama anasema haikosei. Basi kuna kitu kinachowashwa jioni.

Jumamosi, 1 Februari

Siku nzima ya kuwinda.

Nimezima breka zote isipokuwa mbili, ya soketi ya Mama na ya taa ya ngazi. Zuhura akabonyeza mara 20, taa ikatii 20. Hapo nilijua nyumba yenyewe, waya zake na moduli zake, haina kosa. Halafu nikarudisha breka moja moja, kila moja na majaribio yake kumi. Kazi inachosha na haina njia ya mkato. Rafiki yangu mmoja aliyewahi kuhangaika na X10 alikata tamaa kwa sababu alikuwa anachomoa kifaa kimoja, anajaribu mara moja, anakirudisha. Kukiwa na wakosaji watatu, kumwondoa mmoja hakuonyeshi chochote. Zima vyote, kisha rudisha.

Jikoni hakuna shida. Vyumba vya juu, hakuna shida. Sebule: mara moja tukashuka mpaka 6 kati ya 10. Kwenye kabati la televisheni kuna ekstensheni yenye kinga, na juu yake televisheni, spika na kompyuta ya michezo ya watoto. Nimechomoa ekstensheni nzima, tukarudi 10. Kumbuka hili: televisheni ilikuwa *imezimwa* wakati wa jaribio. Shimo halijali kama kifaa kimewashwa, linanyonya almradi plagi iko ukutani.

Mkosaji wa pili ni wa aina nyingine. Kwenye korido kuna chaja ya simu ya bei ndogo niliyoinunua kituo cha mafuta. Ikiwa haina simu haina neno. Ukiiwekea simu, amri zinapotea moja kwa moja, hata za kisanduku kilicho karibu. Hiyo ni kelele. Nimechukua redio ndogo ya betri, nikaiweka kwenye mawimbi ya kati mahali pasipo na stesheni, nikaisogeza karibu na chaja: inanguruma, na simu ikichomolewa inanyamaza. Redio haisikii kilohezi 120 zenyewe, lakini kifaa kichafu kwa kawaida huchafua pande zote. Na hii ndiyo siri ya jioni: kila mtu akirudi nyumbani anachaji simu.

Chaja nimeitupa. Kwa sebule nimeagiza kichujio cha kuchomeka, kinachokaa kati ya soketi na ekstensheni na kuzuia mlio usiingie shimoni. Soma uwezo wake kabla ya kununua. Hiki ni cha ampea 5, kinatosha televisheni na wenzake, ila usikipe hita.

Jumapili, 9 Februari

Kichujio kimefungwa. Usiku: mara 50, imetii 49.

Limebaki suala la balbu. Swichi ya WS467 ya ngazi ilibuniwa zama za balbu za waya. Haina waya wa nyutro. Inapata umeme wake kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya balbu yenyewe, na inataka balbu ya wati 60 au zaidi. Sisi tuliweka LED ya wati 9. Matokeo ni kwamba inapepesa, na ikizimwa inabaki na mwanga hafifu kama kimulimuli. Kurudi kwenye balbu za waya si rahisi, kwani tangu Agosti 2023 zile za kawaida haziruhusiwi tena kuuzwa Marekani. Nimefungua kisanduku cha ukutani, breka ikiwa imezimwa na kipimo kimethibitisha, nikakuta nyutro imekunjwa nyuma ikiwa na kofia yake. Bahati kubwa. Nimeweka swichi ya X10 ya relei yenye waya wa nyutro. Haipunguzi mwanga, inawasha na kuzima tu, na LED imetulia kabisa.

Taa ya korido iko kwenye AM486 na yenyewe ilikuwa inajiwasha kila inapozimwa. Moduli hii hupitisha mkondo mdogo sana ili ijue kama umegeuza swichi ya taa kwa mkono. LED inautafsiri vibaya mkondo huo na moduli nayo inadhani mtu amewasha. Dawa yake ni rahisi: nimechomeka kitaa kidogo cha usiku cha waya, cha wati 4, sambamba na LED kwenye moduli hiyohiyo. Mkondo unapita huko. Wapo wanaofungua moduli na kukata njia hiyo ndani, sikuona haja.

Jumanne, 11 Februari

Saa tisa usiku Mama ameniita. Taa ya ngazi imewaka yenyewe. "Nani kawasha taa?" Hakulala tena mpaka alfajiri, akisoma Qurani, na mimi nikakaa naye.

Jumamosi, 15 Februari

Wiki hii nimeitoa CM11A kwenye boksi. Inaongea na kompyuta kwa serial, aina ya zamani ya kiunganishi, kwa kasi ya biti 4800 kwa sekunde, kwa hiyo nimetumia kompyuta ya zamani yenye Linux, kebo ya kugeuza USB kuwa serial, na heyu, programu ya kuendeshea X10. Mwanzoni ilikuwa bubu. Ikipoteza umeme na betri zake zimeisha, inarudia kutuma 0xA5 ikiomba iambiwe saa, na mpaka ijibiwe haifanyi kingine. Nimeirekebishia saa kwa amri ya setclock ikatulia.

Kisha nikaiacha inasikiliza usiku tatu. Kila siku ya kazi, saa tisa na dakika kadhaa usiku, inaingia amri ya kuwasha A3, na A3 ndiyo taa yetu ya ngazi. Hakuna mtu wala saa ndani ya nyumba hii inayoituma.

Leo nimevuka barabara na sahani ya vitumbua alivyopika Mama. Jirani, mzee anayefanya kazi ya zamu ya alfajiri kwenye ghala, ana moduli za X10 kwenye gereji na baraza tangu zamani, zote kwa herufi A kama zilivyotoka dukani. Nyumba zetu zinatumia transfoma moja. Anapoamka anawasha taa ya gereji, na amri inatembea mpaka kwetu. Miezi yote ile haikutusumbua kwa kuwa mlio wake ulikuwa unamezwa njiani. Tulipoziba mashimo na kujenga daraja, tukaanza kumsikia. Ameshangaa, ameomba radhi ambayo haikuhitajika, na amekula vitumbua vitatu.

Nimegeuza visahani vyote vya kuchagulia herufi kwenye vifaa vyetu kutoka A kwenda G, kwa bisibisi ndogo, dakika kumi kwa nyumba nzima. Yeye amebaki na A.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki nzima hakuna taa iliyojiwasha. Leo usiku, watu wote wako nyumbani, simu zinachajiwa, televisheni inaendelea: mara 100, imetii 99. Iliyokosa ni wakati mke wangu alipokuwa anavuta vumbi kwa mashine kwenye korido. Mota za brashi zina cheche na sina nia ya kupigana nazo. Saa tisa usiku hakuna anayefagia.

Kwenye besimenti nimeweka boksi lenye LM465 nne nzima, AM486 mbili za akiba, kisanduku cha pili cha vitufe na karatasi yenye herufi na namba za kila taa.

Mama ameuliza kama anaweza kuondoka na vifaa viwili Mei, kimoja cha kitandani kwake na kimoja cha uani, Tanga. Nimemwambia hivi vya huku ni vya volti 120, kwetu ni 230, vitaungua siku hiyohiyo.

"Basi tafuta vya kwetu," amesema.

Vipo. Vilitengenezwa vya Uingereza, vya volti 230 na hezi 50, vyenye plagi ya pini tatu bapa zinazoingia kwenye soketi zetu. Mizunguko 47 kwa hezi 50 ni sekunde 0.94, taa itasita kidogo zaidi. Nyumba ya Mama ina fezi moja, hakuna miguu ya kuunganisha, na vitu vilivyochomekwa ni friji, televisheni na chaja mbili. Leo usiku nimeanza kuvitafuta kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika.

Saa tisa kasoro nimesikia kitufe chake, halafu nyayo saba, halafu maji.